Simu Haina Mkwe

Tabibu Masanja ndiye aliyenisukuma niandike. Alisema, "Bibi, unastaafu na mambo yako yote kichwani, sisi unatuachia ndoo tu." Nikamwambia ndoo ndizo zenye faida. Lakini nimeandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa vibaya airekebishe mwenyewe, asinipigie simu.

Ninyi mnaobaki hapa kituo cha afya hamtakuta humu habari za vyeo. Niliingia mhudumu wa wodi, nimetoka mhudumu wa wodi. Nitasema habari za kazi, na habari ya siku moja ambayo Masanja anaitaka, maana ile akili bandia ya kwenye simu yake ilikuwemo. Redioni wanaiita akili mnemba. Mimi naiita simu. Mgonjwa nitakayemsimulia nimemwomba ruhusa, na majina ya kwao nimeyabadilisha.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Lyulilo, kwa mama yangu aliyekuwa anauza vyungu pale sokoni ziwani. Nilijua kubeba vyungu kichwani bila kuvishika, nikadhani kazi gani nyingine itanishinda. Mhudumu mkubwa alikuwa Mama Gwantwa, mwanamke mrefu asiyecheka hovyo. Akaniuliza, "Unajua kupiga deki?" Nikasema najua. Akanipa ndoo na tambara, akasimama mlangoni na mikono kifuani. Nikaanza mlangoni, nikaenda ndani, ndani, mpaka ukuta wa mwisho. Nikageuka. Wodi yote imelowa, mimi niko kule.

"Haya," akasema Mama Gwantwa, "sasa toka."

Nilisimama pale mpaka sakafu ikakauka. Wagonjwa walicheka, na mmoja mwenye mshono akalalamika kuwa namuumiza. Tangu siku hiyo naanza ndani namalizia mlangoni, na kila mhudumu mpya nimemwacha ajifungie mwenyewe ukutani kwanza. Msiache utaratibu huo.

Mama Gwantwa alinifundisha kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi kwanza. Ukianza na ya moto umeipika, itakaa kwenye shuka mpaka shuka lizeeke. Alinifundisha kupima maji ya kumwogesha mgonjwa kwa kiwiko, maana viganja vyetu vya kufua havisemi ukweli. Na alinifundisha kusalimia kila kitanda kabla ndoo haijagusa sakafu. Nilidhani ni adabu tu. Nikaja kuona ni kipimo. Aliyekuitikia jana kwa sauti na leo anaitikia akiwa ameelekea ukutani, huyo kuna kitu. Hujui ni kitu gani, wala si kazi yako kujua. Kazi yako ni kwenda kumwita muuguzi, na ukifika umwambie vile ulivyoona, usiongeze chumvi.

Mama Gwantwa alipata kumwita muuguzi kwa sababu tu mgonjwa mmoja, mzee mkali sana, alimwambia "ndaga fijo" kwa kupewa maji. "Huyu hajawahi kushukuru," akasema. "Njooni mumwangalie." Walimwangalia, joto lilikuwa limepanda mpaka anaongea na watu wasiokuwepo. Akapona, akarudi kwenye ukali wake, nasi tukafurahi kutukanwa.

Miaka ilipita hivyo. Waganga walikuja wakahamishwa, wauguzi waliolewa, paa liliezekwa upya. Kisha akaja Masanja, kijana wa Shinyanga, mwembamba, anayesema wali wetu wa Kyela unanukia mno kiasi kwamba mtu hawezi kula kwa siri. Alikuja na simu yenye hiyo akili. Unaiandikia swali kwa Kiswahili, au unaisemesha, nayo inajibu kama mtu aliyesoma vitabu vyote na hajasahau hata kimoja.

Sitaisema vibaya. Kwanza nilidhani ni mchezo, nikamwona kijana anaongea na simu wakati watu wana homa. Halafu akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, ana vidonge vya presha vyenye jina ambalo hapa kwetu hakuna aliyelijua. Masanja akaiuliza simu, ikamwambia ni dawa ileile tunayoitoa sisi, ila jina la kiwandani ni jingine, na ikamwonya asimchanganyie na nyingine fulani. Masanja akalinganisha na kitabu chake cha dawa. Kweli tupu. Yule mama alikuwa karibu kuandikiwa dozi mbili za kitu kimoja.

Tena ina subira. Ukiiuliza jambo moja mara tano inajibu mara tano na haisonyi. Mimi ningesonya mara ya pili. Nikaanza kuiheshimu, nikawa hata nikipiga deki karibu na meza yake naihamishia mahali pakavu.

Sasa habari ya Bupe.

Ilikuwa masika, barabara zimekuwa uji. Asubuhi bodaboda ilimleta binti mdogo, ameolewa juzijuzi kwenye familia moja ya wakulima wa mpunga wa Busale. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwenda kununua samaki, mama mkwe yuko msibani. Aliyebaki nyumbani ni baba mkwe tu, Mzee Ambakisye, na yeye ndiye aliyemwita bodaboda, akampandisha kwa kumwonyesha tu kwa fimbo, halafu yeye akafuata nyuma kwa baiskeli.

Kwa wasio wa huku nieleze. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto wako hakutazami na wewe humtazami. Mkikutana njiani yeye anaingia kwenye migomba mpaka upite. Siku hizi wengi wamelegeza, wapo wanaokula meza moja na dunia haijaanguka. Familia ya Mzee Ambakisye haikulegeza. Walishika, na kwa kushika huko waliheshimika.

Basi Bupe akaingia chumba cha tabibu, amejifunika kitenge mpaka machoni. Mzee akakaa kwenye benchi la barazani, nje ya pazia, akiwa ametupa mgongo.

"Homa imeanza lini, dada?" Masanja akamuuliza.

"Juzi," likajibu pazia.

"Unatapika?"

"Anatapika. Na tumbo linamkata," pazia likasema tena.

Masanja akashusha sauti. "Unaweza kuwa na ujauzito?"

Nje mtu akakohoa. Bupe akatikisa kichwa kukataa, macho chini.

Masanja akaiandikia simu yale aliyoambiwa. Nilikuwa pale na tambara langu, nikamsikia akimsomea muuguzi jibu. Ilisema mwanamke wa umri huo mwenye maumivu ya tumbo apimwe mimba kwanza, hata kama amesema hana. Nataka mlisome hilo vizuri, maana ndivyo inavyotakiwa, na simu iliijua kazi. Masanja akampa kikopo cha mkojo. Bupe akakishika, akakaa nacho.

"Sina mkojo," akasema kwa sauti ya chini.

Akapewa maji. Akanywa. "Sina." Simu ikaulizwa, ikasema huenda amepungukiwa maji mwilini, atundikiwe dripu, asubiriwe. Nalo ni jibu zuri. Akatundikiwa, tukasubiri. Binti akazidi kuwa wa kijivu.

Masanja akailaza simu mezani kifudifudi. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko mgonjwa, akawa anamtazama tu bila kuuliza. Nilikwisha kuona matabibu wengi, wengi wao wakikwama huongeza maswali. Huyu alinyamaza. Kisha akanigeukia.

"Bibi, huyu kila nikisema neno anaangalia pazia. Pana nini pale?"

"Baba mkwe wake," nikasema. "Ndiyo heshima yenyewe." Nilimjibu kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. Nilikuwa nimeyaona macho hayo toka asubuhi, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kuwa mkwe wa watu, sikuona ajabu yoyote.

"Na choo kiko wapi?"

"Si unakijua. Mwisho wa baraza, ukipita benchi..."

Nikaishia hapo. Wote wawili tukakitazama kile kikopo. Ili akajisaidie ilibidi apite mbele ya magoti ya baba mkwe wake, amekishika mkononi, na arudi nacho kimejaa. Angekufa kwanza. Na sisemi hivyo kwa mapambo.

Masanja hakujisifu wala hakumkaripia binti. Aliniambia tu, "Bibi, mtoe mzee. Usimvunjie heshima."

Nikatoka, nikamsalimu mzee kwa kikwetu. "Mugonile, tata. Hebu njoo nyuma unisaidie kuangalia tangi letu la maji, naona kama linavuja."

Mzee hakuinuka. "Mnataka niondoke."

"Ndiyo, tata."

"Si mngesema tu tangu asubuhi? Nimekaa hapa nikidhani asipojua kuwa nipo ataogopa." Akachukua kofia yake, akaenda nyuma ya jiko. Akiwa kule akaniita. "Na tangi lenu linavuja kweli."

Bupe akaenda chooni nikiwa nimemshika. Aliporudi maneno yakamtoka. Kwamba hajaona siku zake, kwamba asubuhi alishikwa na kizunguzungu akaanguka pale kisimani, kwamba bega linamuuma na hajui bega na tumbo vina undugu gani. Masanja alijua. Kipimo kikasema mimba ipo, tumbo lake likasema mimba imetunga mahali pasipo pake na damu inamwagikia ndani. Akaiuliza simu kwa maneno mawili, nayo ikasema apelekwe kwenye upasuaji sasa hivi. Safari hii ilikuwa imeambiwa ukweli, ikajibu ukweli.

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mwingine. Kikapatikana kirikuu cha jirani, kile kigari cha mizigo, nusu kimejaa mikungu ya ndizi. Tukatandika godoro nyuma, tukamlaza Bupe chali, miguu juu ya gunia. Masanja akapanda na dripu. Mimi nikapanda kumshika miguu. Muuguzi alibaki na mama aliyekuwa anakaribia kujifungua. Upande mmoja wa godoro ulikuwa wazi, na kwa barabara ile binti angebiringika kama chungu kwenye mtumbwi.

"Mzee, panda!" Masanja akapaza sauti.

Mzee Ambakisye alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono kwenye chuma. Hakupanda. Bupe akafungua macho, akasema kwa sauti iliyobaki, "Asipande. Nawaomba, baba asipande."

"Dada, unakufa," Masanja akasema.

"Asipande."

Dereva akawasha gari. Mimi nilikuwa na miguu ya binti mikononi, ya baridi kama samaki. Nilimtazama yule mzee nikaona taya linacheza. Kama angepanda kwa nguvu, binti angejaribu kuinuka, nami nilimjua mwanamke wa kwetu, angeinuka. Kama angebaki, tusingemfikisha akiwa ametulia.

Mzee akageuka. Akakipa kirikuu kisogo, akakaa kwanza ukingoni kama mtu anayepumzika, halafu akajivuta ndani kinyumenyume, hivyohivyo, mpaka mgongo wake ukafika kwenye ubavu wa godoro. Hakugeuza shingo hata kidogo. Akatanua miguu, akaikita kwenye mikungu ya ndizi. Akawa ukuta.

"Twende," akaziambia ndizi.

Bupe akafumba macho. Mwili wake ukalegea, ukaegemea pale. Masanja akainua dripu juu.

Njia nzima mpaka Kyela mjini mzee yule alitazama ndizi. Tukiingia kwenye shimo alikuwa anaukaza mgongo kabla yetu, maana njia ile ameipita kwa baiskeli miaka yote na mashimo yake anayajua. Mvua ikanyesha, akavua koti akalirusha nyuma bila kutazama, likaniangukia usoni. Nikamfunika nalo binti. Masanja alikuwa ametangulia kuwapigia simu hospitalini, tukakuta wanatusubiri mlangoni. Walimpasua saa ileile. Mimba haikuwa ya kuokolewa. Bupe aliokoka.

Baadaye, mambo yalipotulia, nilimwambia Masanja aiulize simu yake. Akanipa niisemeshe mwenyewe. Nikaisalimu kwanza, ikaniitikia. Nikaiambia mkwe na baba mkwe hawatazamani, gari ni moja, binti anakufa, mzee afanyeje? Ikajibu vizuri, kwa adabu kuliko wauguzi wengine nisiowataja. Ikasema mila ziheshimiwe, atafutwe ndugu mwingine, ikishindikana familia ielezwe kuwa uhai unatangulia. Sina neno la kupinga humo. Hata askofu angesema hivyo.

Lakini mzee hakuchagua mila wala hakuchagua uhai. Alivibeba vyote viwili akaingia navyo kwenye gari kinyumenyume. Nimewaza sana alikopata akili hiyo, na gari linaunguruma. Naona aliipata kwenye haya. Alikuwa na mtu wa kumwonea haya na alikuwa na mtu wa kumpoteza, na ni mtu huyohuyo mmoja. Simu haina mkwe. Hakuna anayeweza kuiaibisha, na ikikosea haitakutana na mtu njiani kesho. Inajua habari za watu wote, na hakuna hata mmoja wao aliye wake. Siidharau. Naisifu kwa ilichonacho, na nyie mnaoitumia msiitegemee kwa kisichokuwemo. Ikiwaambia swali la kuuliza, mliulize. Halafu angalieni nani amekaa mlangoni.

Na Masanja naye nimsifu hapa hapa kwa maandishi, maana mdomoni nikimsifu atavimba kichwa. Kunyamaza kule, kukaa kwenye kigoda, kuona macho ya binti wa kabila lisilo lake na kuuliza badala ya kukasirika, hiyo hakuisoma kwenye simu. Sijui aliisoma wapi. Mama Gwantwa angempenda, ingawa asingemwambia.

Mambo hayakuishia hospitalini. Bupe alirudishwa kwetu kumalizia kusafishiwa kidonda, akapata nafuu, siku ya kuruhusiwa ikafika. Akakataa kwenda nyumbani. Alitaka arudi kwa mama yake mzazi, Katumba Songwe, moja kwa moja.

"Mume amekukosea?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

Akajifunika uso. "Nimelalia mgongo wa baba, Bibi. Watu wa njiani wameona. Nitapitaje pale uani? Nitampikiaje?"

Mume alikuja, mpole, akabembeleza, wapi. Mama mkwe akaja, akalia, wapi. Nikawa naona ndoa inakwenda hivihivi, watu wanapendana.

Mchana wake nikasikia baiskeli inaegeshwa nje ya dirisha la wodi. Dirisha lile liko juu, lina wavu, wa ndani haoni nje. Nikatambua kikohozi.

"Mama mhudumu," akasema Mzee Ambakisye, "yule aliyelazwa yupo?"

"Yupo, tata. Yuko hapa nilipo."

"Basi mwambie nimesikia anataka kwenda Katumba Songwe. Mwambie sikatazi."

Nikamgeukia Bupe, hatua moja kutoka kwangu, masikio wazi. "Baba anasema amesikia unataka kwenda Katumba Songwe. Hakatazi."

"Mwambieni baba namshukuru," Bupe akasema.

"Anakushukuru, tata."

Masanja alikuwa anaandika kwenye kitanda cha jirani. "Bibi," akanong'ona, "kwa nini unarudia? Si wanasikiana?"

"Kaa kimya, daktari. Niko kazini."

Nje nikasikia baiskeli inasogezwa. Nikadhani ameondoka. Kisha akasema, "Mwambie na hili. Kuna watu wanasema siku ile nilibeba mtu kwenye gari. Mimi sikuona mtu. Mwambie niliona ndizi tu, njia nzima."

Nikarudia, neno kwa neno. Bupe akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikasogea nikijua analia. Alikuwa anacheka, mkono ameukandamiza kwenye mshono.

"Bibi," akaniambia akivuta pumzi, "hebu muulizeni baba, hizo ndizi zilikuwa zimeiva?"

"Tata, anauliza hizo ndizi zilikuwa zimeiva?"

"Zilikuwa mbichi," akajibu mzee, na sauti yake haikuwa na hata chembe ya kicheko. "Nilimwomba mwenye gari mkungu mmoja. Umeivia nyumbani, na watoto wa jirani wanaumaliza. Mwambie kama anautaka awahi."

Hayo sikuyarudia. Bupe alikuwa ameshashuka kitandani, anakunja shuka.